Kunguru wako anabisha hodi kila Jumamosi

"Shangazi, mimi ni mke wa mvuvi hapa Bagamoyo. Rafiki yangu wa kwaya aliniomba mtaji wa vitenge, akatoroka na shilingi milioni 2 na laki 8. Fedha zilikuwa za injini ya boti, lakini faida ingekuwa yetu sote. Mume wangu amehamia kwa mama yake Mlingotini, huu mwezi wa tatu. Mama mkwe huja kila Jumamosi na unga na samaki, kisa aone nilivyokonda. Biashara ya kukaanga samaki nimeacha, karai liko chini ya kitanda. Nimemwachia Mungu, niko novena ya tano, zile sala za siku tisa. Nimekuwa kama Yusufu, wote wamenigeuka. Je, Mungu amenisahau? – Aliyebwaga Moyo"

Pole, mwanangu. Kuibiwa na mtu mliyeimba naye sauti moja kila Jumapili kunauma kuliko kuvunjiwa mlango na jambazi. Kikulacho ki nguoni mwako. Pole yangu ndiyo hiyo, sasa tuzungumze.

Barua nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama pale ulipopita mbio: fedha za injini. Mwanamume anakesha baharini, anadunduliza, anakupa umwekee. Wewe unazitoa bila maandishi, bila shahidi, bila yeye kujua. Alijuaje? Hukusema. Nadhani alijua siku alipozitaka. Basi mumeo hakukugeuka. Wewe ndiye uliyemgeuka kwanza, na mimi niko upande wake.

Unajiita Yusufu. Kwa huyo rafiki, sawa. Kwa mumeo wewe ni wale ndugu waliomuuza kwa vipande 20 vya fedha, kisha wakarudi kumficha baba yao ukweli. Na Yusufu mwenyewe alikaa miaka mingi akiteseka, ila hata gerezani alifanya kazi, akakabidhiwa wafungwa wenzake. Karai lake halikuwa chini ya kitanda.

Nenda pale Misheni ya Wakatoliki, ingia makaburini, usome umri wa wamisionari waliofika kuanzia 1868. Wengi walikufa vijana, homa iliwazoa. Waliobaki walizika wenzao, wakarudi kupanda minazi na kufundisha watoto waliokombolewa utumwani. Huko ndiko kumwachia Mungu. Novena usiiache, lakini boti zikitia nanga alfajiri mafuta yawe yanachemka.

Sasa nije kwa mama mkwe, maana hapa ndipo uliponisikitisha. Fungua 1 Wafalme 17. Eliya amejificha penye kijito cha Kerithi, njaa imeshika nchi, na Mungu anamlisha kwa kunguru, asubuhi na jioni. Kunguru, mwanangu! Torati inamhesabu najisi, na wewe mkaanga samaki unajua alivyo mwizi. Eliya hakumuuliza ana nia gani. Alikula. Wewe unaletewa unga hadi mlangoni, wiki baada ya wiki, kisha unauliza kama Mungu amekusahau? Anakulisha kwa mkono usioupenda.

Na hao samaki anawavua nani? Mama mtu mzima haendi baharini usiku. Ni mumeo, pengine kwa boti ya watu, kwa sababu injini hana, na bado anatenga fungu lako. Mtu aliyekuacha hafanyi hivyo.

Ndoa za siku hizi zinanitia simanzi. Mume ana siri zake kwenye simu, mke ana zake kwenye kikoba, wanapiga magoti kanisani pamoja wakiwa hawajaambiana hata bei ya mchele. Tunamwomba Mungu alinde nyumba ambayo sisi wenyewe tunaitoboa. Mama zetu walikuwa na shida kuliko sisi, lakini fedha ya chombo ilikuwa fedha ya chombo, haikuguswa.

Kijito cha Eliya kilikauka, akaambiwa ainuke aende Sarepta. Nawe inuka. Kesho nenda polisi ukachukue RB, namba ya taarifa yako. Kumshitaki mwizi si kukosa imani. Jumamosi mama akibisha hodi, pokea kapu kwa mikono miwili, mketishe, mweleze yote bila kukata kipande. Kisha mwombe akutangulie Mlingotini. Ukifika usianze na rafiki yako wala machozi. Anza na injini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ukiwa umeinama hapo, livute na lile karai ulisugue kutu.