Re: Miaka sita bila ndoa, nina haki gani?
Dada pole, miaka sita umeishi na jamaa bila ndoa, ila usikubali kutoka na begi tu. Hapa bongo Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 160 inasema mkikaa miaka miwili na kuendelea na majirani wanawajua kama mume na mke mahakama inawachukulia mmeoana, ila jamaa anaweza kupinga. Hata akishinda bado unaweza kuomba matunzo yako na ya watoto, hii wengi hawaijui. Kinachoniudhi ni mwenye cheti cha ndoa anatoa karatasi moja kamaliza, wewe ili uthibitishe mliishi pamoja uhangaike na balozi wa nyumba kumi, mama mwenye nyumba, kadi ya kliniki yenye jina la baba. Hiyo kadi ifiche leo leo.