Anza na uzito wa mzigo, si urefu wa gari

Ndugu, umeeleza kwamba gari lako hugonga tumbo kwenye njia za mawe na hukalia nyuma linapopakiwa, na unauliza kama ulinyanyue kwa milimita 100. Nakusihi uanze na uzito. Lipakie kama unavyosafiri, pamoja na tangi la mafuta lililojaa, ulipime kwenye mizani ekseli (mhimili wa magurudumu) moja moja, kisha uchague springi zilizotengenezwa kwa uzito huo wa kudumu, kwa maana springi ngumu katika gari tupu hulifanya lirukeruke na tairi kupoteza mshiko pale pale unapouhitaji.

Shokapu hazibebi mzigo. Kazi yake ni kutuliza mchezo wa springi, na kwa hiyo vitu hivi viwili vinunuliwe vikiwa vimelinganishwa. Ukipitia barabara ya matuta madogo kwa muda mrefu, mafuta yaliyo ndani ya shokapu hupata joto, nguvu ya kutuliza hupungua, na usukani huanza kuelea mikononi.

Kuhusu urefu, milimita 50 zinatosha kwa safari nyingi. Ukizidisha, pembe za ekseli za mbele zinazozungusha magurudumu huwa kali mno, mpira wa kukinga grisi kwenye viungo vyake huchanika mapema, na mipira ya breki huweza kuvutika gurudumu linaponing'inia. Kabla ya kununua chochote, chunguza bushi zote (vipande vya mpira kwenye viungo vya springi na shokapu): zilizopasuka huharibu kazi ya springi mpya. Baada ya kufunga, matairi yapimwe upya mwelekeo wake.