Jibu: Historia ukiwa Iringa
Mdogo wangu, umeuliza kama anayesoma historia chuoni hapa Iringa anaweza kufanya utafiti utakaosomwa hata nje. Anaweza kabisa! Anza na Kalenga, kijiji cha karibu na Iringa palipokuwa na ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Fuvu la Mkwawa lilitajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, likaja kurudi 1954 kutoka Bremen, Ujerumani. Mwendee mhadhiri wako na swali dogo: wazee wa Kalenga wanasimuliaje siku fuvu liliporudi? Mhadhiri mzuri hakutafunii mada. Anakuuliza umeongea na nani, tena kwa lugha gani, maana mzee akihojiwa kwa Kihehe anafunguka. Yeye ndiye atakayekusaidia kupata barua ya utambulisho ya kumpelekea mtendaji wa kijiji, kisha akuunganishe na watafiti wa Ujerumani. Usisubiri mwaka wa tatu.