Verona: Soma Jina la Mwimbaji Kabla ya Jina la Opera

Safari yangu ya kwanza kwenda kusikiliza opera Verona, Italia, nilinunua tiketi kama wanunuavyo watu tiketi ya sinema. Nimeona jina la opera, Aida, nimelipa. Kulikuwa na mwimbaji wa kike niliyekuwa nikimsikiliza kwa miezi, na jina lake nililiona kwenye tangazo. Kweli aliimba, ila Alhamisi. Mimi nilikwenda Jumamosi.

Arena, uwanja wa kale usio na paa ambako opera hizo huchezwa, haina onyesho moja linalorudiwa kila siku. Kiangazi chote opera kadhaa hupokezana jukwaa: leo Aida, kesho Carmen, keshokutwa Nabucco. Na hiyo Aida yenyewe hubadilisha waimbaji kutoka usiku mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo chagua tarehe kwanza, usome orodha yake ya waimbaji mpaka chini, kisha uitazame tena wiki ya safari, maana koo nalo huugua. Watu wa taarabu hawana haja ya kufundishwa hili. Nani hutoka nyumbani bila kuuliza leo anaimba nani?

Kama ni mara yako ya kwanza, anza na Aida. Ndiyo iliyofungua tamasha la opera la Arena mwaka 1913, mtunzi wake Verdi akitimiza miaka 100 tangu azaliwe, na ndani ya uwanja ule wa Warumi majeshi na tarumbeta hupata nafasi ya kutosha. Lakini Aida ni binti mfalme wa Ethiopia aliye mtumwa Misri, na hapo pana jambo. Julai 2022 Angel Blue, Mmarekani mweusi, mwimbaji wa soprano (sauti ya juu ya kike), alijitoa kwenye La traviata, opera nyingine ya Arena, kwa sababu katika Aida ya msimu uleule waimbaji walipakwa rangi ya kuwatia weusi. Mimi bado nakwenda, ila siku hizi natazama picha za onyesho kabla ya kutoa hela yangu.

Viti vya chini ni ghali. Mimi hupanda kwenye ngazi za mawe. Mawe yale yameota jua mchana kutwa, na ikifika saa nne usiku mgongo unaanza kulalamika, nawe huondoki kabla ya saa sita. Kimto ni lazima. Kwa desturi waimbaji wa pale hawatumii vipaza sauti, basi tafuta nafasi mkabala na jukwaa, si ubavuni, na mfuko wako wa karanga uufungue kabla hawajaanza.

Halafu mvua. Onyesho likifutwa kabla ya kuanza, pesa hurudi. Likishaanza, hata kwa dakika kumi, zimekwenda. Tone la kwanza tu, wapiga fidla wanakumbatia fidla zao na kukimbia, na watazamaji nao wanainuka. Wewe kaa. Mwaka mmoja nilijifunika koti karibu saa nzima, jukwaa likapanguswa, wanamuziki wakarudi mmoja mmoja. Waliokwishakimbilia hotelini walikosa tendo la nne, pale Aida na mpenzi wake Radamès wamefungiwa kaburini wakiwa hai, wanaimba kwa sauti ndogo kabisa. Maji yalikuwa bado yanachuruzika kwenye ngazi, na kila neno nililisikia.