Kabla ya Kuunganisha Printa na Hifadhidata, Tengeneza Foleni

Katika ghala la vipuri vya magari ninalolihudumia hapa Dar es Salaam, kila oda inayokubaliwa kaunta huzaa karatasi za aina tatu: orodha ya kukusanyia mzigo, ambayo hutoka kwenye printa ya ghalani, lebo za makasha, na ankara ya mteja. Zamani karani ndiye aliyefungua kila oda, akachagua printa na kubofya, na siku za mzigo mkubwa vijana wa ghala walikaa wakisubiri karatasi huku wateja wakisubiri vipuri. Sasa oda ikithibitishwa, karatasi hutoka zenyewe. Ushauri ninaoutoa unahusu PostgreSQL (mfumo wa hifadhidata) na CUPS (programu inayosimamia printa) kwenye Linux, kwa kuwa ndivyo ninavyovitumia kila siku, ingawa sehemu kubwa itamfaa hata anayetumia mifumo mingine.

Wazo linalomjia karibu kila mtu ni kuweka triga, yaani amri inayojiendesha yenyewe data inapobadilika, kwenye jedwali la oda, ili rekodi mpya ikiingia hifadhidata yenyewe iite printa. Sishauri njia hiyo. Hifadhidata inaweza kutengua muamala (kundi la mabadiliko yanayokubaliwa au kufutwa kwa pamoja) wowote ambao haujathibitishwa, lakini karatasi ikishatoka haitenguliki. Hatua ya mwisho ikishindikana, oda itafutika kwenye mfumo ilhali kijana wa ghala ameshashika orodha na anapakia mzigo. Vilevile, muamala unaosubiri jibu la printa iliyoishiwa karatasi huendelea kushikilia rekodi ulizozifunga, na mauzo ya kaunta nzima yanaweza kukwama kwa sababu hakuna aliyefungua rimu mpya.

Triga ibaki na kazi moja tu, nayo ni kuandika rekodi kwenye jedwali la foleni ya kazi za kuchapa ndani ya muamala uleule wa oda, ili vyote viwili vikubaliwe pamoja au vifutike pamoja. Jedwali langu lina aina ya hati, printa inayokusudiwa, idadi ya nakala, hali ya kazi, idadi ya majaribio, ujumbe wa kosa na saa ya kila badiliko. Ninahifadhi pia maudhui yote ya hati kama yalivyokuwa wakati ule, katika muundo wa maandishi uitwao JSON, badala ya kuweka namba ya oda peke yake. Bei za vipuri hupanda, na ankara ya Machi ikichapwa upya Juni kwa bei za Juni itamletea mhasibu ugomvi asioustahili.

Upande wa pili kuna programu ndogo inayokaa kwenye kompyuta ya ghalani. Huamshwa na amri ya NOTIFY, ambayo katika PostgreSQL humfikia msikilizaji baada ya muamala kuthibitishwa, kamwe si kabla. Hata hivyo, taarifa hizo haziwekwi akiba kwa ajili ya asiyekuwepo: programu ikiwa imezimika zinapotumwa, zimepotea. Kwa hiyo ni lazima ilisome jedwali inapowaka, na kisha kila baada ya sekunde 30 hivi hata kama haijaitwa. Kama zipo programu zaidi ya moja, amri ya kusoma SELECT yenye FOR UPDATE SKIP LOCKED, iliyokuja na toleo la 9.5 mwaka 2016, huhakikisha kila moja inachukua kazi ambayo nyingine haijaishika. Programu ibadilishe hali ya kazi kuwa «inachapwa», ithibitishe muamala wake, ndipo ipeleke kazi kwa printa.

Ugumu wenyewe unaanzia hapo, na ndipo ninapowaomba wenzangu watumie muda mrefu zaidi. CUPS ikisema kazi imekamilika, mara nyingi maana yake ni kwamba data imefika kwenye printa. Ukiandika moja kwa moja kwenye poti 9100, mlango wa mtandao ambao printa hupokelea data, unajua hata kidogo zaidi ya hapo. Umeme ukikatika katikati, rekodi itabaki «inachapwa», na hakuna programu itakayojua kwa hakika kama karatasi ilitoka. Anayejua ni mtu aliyesimama mbele ya printa. Kwa hiyo amua mapema, kwa kila aina ya hati, kipi kina madhara zaidi: kutoka mara mbili au kutotoka kabisa. Kwangu lebo hurudiwa bila kuuliza, kwa kuwa lebo ya ziada huishia kwenye pipa la taka. Ankara husimamishwa hadi karani athibitishe, na inayotoka mara ya pili hubeba neno NAKALA kwa herufi kubwa. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, sikuiingiza kabisa kwenye foleni hii. Ina mashine yake na masharti yake.

Kwa lebo, achana na PDF kama printa yako inaelewa ZPL, lugha ya amri za printa za lebo. Lebo nzima huwa maandishi machache yanayoanza na ^XA na kuishia na ^XZ, na printa ya nukta 203 kwa inchi huhesabu nukta 8 kwa milimita, hivyo lebo yenye upana wa milimita 100 ni nukta 800. Lakini safisha data kwanza: alama ya ^ ikijipenyeza kwenye maelezo ya kipuri, printa huisoma kama amri na lebo yote huvurugika.

Anwani za printa ziwekwe kwenye jedwali lake, zisiandikwe ndani ya programu, ili moja ikiharibika ubadilishe rekodi moja na kazi zihamie kwa nyingine. Kagua pia ErrorPolicy (mpangilio wa nini kifanyike kazi ikishindikana) ya kila printa katika CUPS, kwa sababu ikiwa stop-printer, hitilafu moja huifunga foleni yote hadi mtu aifungue. Na kwa kuwa poti 9100 kwa kawaida haiombi nywila, printa zisikae kwenye mtandao mmoja na Wi-Fi ya wateja.

Mwisho nilitundika skrini ghalani inayoonyesha kazi zilizozidi dakika tano bila kukamilika, pamoja na jina la printa na kosa lake. Kazi hizo zikianza kulundikana, msimamizi wa zamu huanza kwa kufungua trei ya karatasi, na mara nyingi hana haja ya kunipigia simu.