Gesti ya umeme mtupu Bagamoyo: kabla hujauliza bei ya paneli, angalia jua la alasiri linapiga wapi

Mkuu umeuliza gesti ya vyumba vinne Bagamoyo, hutaki gesi hutaki mkaa, kila kitu umeme, ila unaogopa LUKU isije ikala faida yote. Naomba nikujibu kwa urefu kidogo maana mimi ninayo ya vyumba vitatu huku Sahare, Tanga, kijumba tu uani kwangu, mwaka wa nne sasa inapokea wageni, na makosa niliyofanya mimi yanatosha wewe usiyarudie.

Naona wadau wengi wameanza kukuhesabia sola, paneli ngapi betri ngapi. Jamani. Hiyo ni ya mwisho kabisa.

Chumba changu namba tatu kimeangalia magharibi. Fundi aliniambia "mama hapa tukiweka dirisha kubwa mgeni anaona jua linazama", nami nikaona raha, nikamkubalia. Sasa njoo saa tatu usiku uweke kiganja kwenye ule ukuta kwa ndani, tofali la simenti la inchi sita, bado la moto kama sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu. Yaani mgeni kalala na tanuri kichwani halafu AC inahangaika kupoza ukuta badala ya kumpoza yeye. Niliweka sabmita (mita ndogo ya kupimia umeme) kila chumba, fundi umeme yeyote anakufungia, namba tatu kilikuwa kinakula uniti saba kwa usiku na namba moja kilichojificha nyuma ya baraza hakivuki tatu. Uniti kwa bei ya kawaida ni 292, ukijumlisha VAT na tozo za REA na EWURA inafika kama 356, kwa hiyo hapo ni 2,500 dhidi ya 1,070 hivi, usiku mmoja, kitanda saizi ile ile. Nisiwe muongo, AC ya namba tatu ilikuwa kubwa na ya zamani isiyo inveta, yaani haijipunguzi mwendo chumba kikipoa, kwa hiyo sehemu ya lawama ni yake, ila hata nilipoibadilisha bado chumba kile kinakula kuliko wenzake. Na usije ukapiga hesabu kwa ile bei ya shilingi mia kwa uniti, ile ni ya mtu asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, gesti haikai humo.

Kwa hiyo nyumba yako ilaze mashariki-magharibi, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, zile fupi ndo zipigwe na jua la asubuhi na la jioni na usiziwekee dirisha la maana, weka hata choo au stoo huko. Sisi huku tuko karibu na ikweta, jua la mchana liko utosini, upenu wa mita moja unatosha kuzikinga kuta ndefu, lakini jua la saa kumi linakuja limeinama, hakuna upenu unaolizuia. Na bahati nzuri kaskazi inatoka kaskazini mashariki na kusi inatoka kusini mashariki, ukiwa na madirisha pande zote mbili za chumba upepo wowote kati ya hiyo utapita tu.

Umesema unataka kuta nene kama zile nyumba za matumbawe za Mji Mkongwe hapo kwenu. Hapa tutabishana kidogo. Zile nyumba zinapoa kwa sababu zimebanana, vichochoro vyembamba, moja inaikinga nyingine jua, dari ziko juu, na kuta zimepigwa chokaa. Wewe unajenga peke yako katikati ya kiwanja cheupe, ukuta mnene utakunywa jua mchana kutwa halafu uuteme usiku wakati mgeni ndo anaingia kulala, na usiku wa pwani haupoi kiasi cha kuupoza mpaka asubuhi. Ukiweza kuuwekea kivuli sawa, jenga mnene. Kama huwezi, hela hiyo peleka kwenye baraza pana na paa. Bati jeupe, sio lile jekundu la kupendeza, chini yake foili inayorudisha joto, na uache upepo upite kati ya bati na dari (ziba matundu kwa wavu popo wasiingie, mimi waliingia).

Madirisha, usikubali yale ya alminiamu ya kusukuma. Unalipia dirisha zima linafunguka nusu, ukiweka na wavu wa mbu ndo upepo unakata kabisa. Luva za kizamani zinafunguka zote. Halafu feni ya dari, zipo zile za mota ya DC zinakula wati 30 hivi wakati feni ya kawaida ni 70, mgeni akiwasha feni AC inakaa nyuzi 26 na hajui kama umembania. Kitu cha nje cha AC kioshe kwa maji baridi ya bomba kila mwezi, chumvi ya bahari inakula zile pezi zake ukija kushtuka gesi imeisha.

Maji ya moto watu wanayaogopa bure. Piga hesabu, maji ya Tanga yanatoka bombani kama nyuzi 27, mtu anaoga kwenye 40, lita 30 unahitaji karibu nusu uniti, kama shilingi 160. Kinachoumiza ni mwendo, yaani umeme mwingi kuvutwa kwa wakati mmoja. Mimi niliweka zile hita za papo kwa papo za kilowati 5.5 vyumba vyote, mwezi wa saba baridi la kusi, wageni wa harusi wana safari ya alfajiri, wakaingia bafuni wote saa kumi na moja na mimi jikoni nimewasha jiko, swichi kubwa ikaanguka, giza, mtu ana povu usoni anaita. Kilowati 16 na ushee za hita peke yake kwenye laini moja ya ampea 60 yenye uwezo wa 13 na kitu, nani alinituma? Sasa nina tanki moja la lita 80 la wati 1,500 kwa vyumba vyote, linawashwa na taima saa nane mchana sola ikiwa inazalisha. Lipandishe mpaka nyuzi 60 vijidudu vife, halafu weka valvu ya kuchanganya na maji baridi mgeni asiungue. Na athi (waya wa kupeleka shoti ardhini), na kile kifaa kinachokata umeme mtu akishika shoti, hapo usibanie hata senti.

Jikoni, jiko la induksheni (linapasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku) na presha kuka. Maharage nusu kilo hayanifikii nusu uniti. Kabla hujanunua beba sumaku dukani, isiponasa kwenye kitako cha sufuria, sufuria hiyo haifanyi kazi, na sufuria zetu za alminiamu zote zilifeli, nikagawa. Shida ilikuwa mama mkwe. Wali wa nazi usiopaliliwa makaa juu ya kifuniko kwake huo ni uji mgumu, alisema hivyo mbele ya wageni. Nimehangaika mpaka nikagundua ukishakauka maji uingize kwenye oveni nyuzi 150 kama dakika ishirini, juu unakauka vizuri. Anakula. Hajasifu, ila anakula.

Umegusia afya pia. Huku ukungu ndo adui, masika nguo zinanuka. Kabati lisigusane na ukuta, acha shubiri moja, bafuni weka dirisha la juu lisilofungwa, ndani piga chokaa badala ya zile rangi za kung'aa zinazofungia unyevu. Na mchanga usichote ufukweni hata ukipewa bure, chumvi inatoka ukutani kama unga na nondo zinaoza.

Sola sasa: nina paneli sita za wati 550, siku ya jua napata kama uniti 12, betri ya lithiamu ya uniti 5 inabeba taa, feni, friji na AC moja usiku. Zilaze zitazame kaskazini, nyuzi kama kumi ili mvua ioshe vumbi. Vifungio viwe vya stenlesi, kutu ya pwani unaijua.

Namba tatu nimelipunguza dirisha na kuotesha pesheni kwenye ukuta wa nje, nimeitengea waya iachane na plasta kidogo. Mwezi huu imefika kwenye linta. Jana saa tatu usiku nilienda kuweka kiganja tena, chini ni vuguvugu tu, juu ambako majani hayajafika bado moto.