Anko wa Dadu Anajibu: Kusaka Spea Thuldanin

Shikamoo Anko. Tunacheza Dungeons & Dragons, ile gemu ya mezani ya kuigiza mashujaa kwa kurusha dadu, kila Jumapili hapa Majengo, mimi ndo masta wa gemu, yaani msimuliaji. Kikosi changu kinataka kwenda Thuldanin kutafuta spea ya meli yao inayoruka, nimejaza mamonsta kila kona lakini washaanza kulalamika eti kila saa ngumi tu, wanaboreka. Nifanyeje pale mahali patishe kweli?
Masta wa Majengo, Moshi

Marahaba mwanangu. Toa hao mamonsta, karibu wote. Kwa ambao hawajafika huko: Acheron ni ulimwengu wa vita ndani ya gemu hii, michemraba mikubwa ya chuma inaelea na kugongana, na Thuldanin ni tabaka lake la pili kati ya manne, ndo mashine za vita zilizokufa zinaishia mle, zimejaa mpaka kwenye mashimo ya hiyo michemraba. Na kitu kikikaa sana kinageuka jiwe. Sasa gemu si ndo hiyo hapo, mamonsta wa nini?

Spea waache waione mapema tu. Swali ni je, bado ni chuma? Pita siku moja kwa wanunuzi wa skrepa uwaangalie, mtu ana kisumaku chake anakigusisha kwenye mzigo, kikinata ni chuma, kisiponata anakwangua na tupa aone kama ni shaba au alminiamu. Basi wape wachezaji wako sumaku. Wanaigusisha kwenye gia kubwa kama meza, inanata ta! wanashangilia, wanaisogeza vidole viwili pembeni inadondoka, kumbe nusu ya gia ishakuwa jiwe. Hapo wataanza kubishana wenyewe wakate ile nusu nzima au watafute nyingine, na we usiseme kitu, rusha tu dadu uandike namba hata kama haina maana (uchokozi wa kizamani lakini haujawahi kuniangusha).

Hatari nazo ziwe za yadi ya skrepa. Rundo linaporomoka ukivuta kipande cha chini, springi ya manati ya vita bado imekazwa, halafu kuna tangi la mafuta linaloonekana tupu na jamaa wa uchawi wa moto anataka kulikata, muulize fundi yeyote wa kuchomelea atakwambia tangi tupu lenye mvuke ndo la kuogopa kuliko lililojaa. Weka na dadu ya pande 6 mezani ikionyesha 6, kila wakipekua sehemu unaishusha moja, ikiisha mchemraba mwingine unagonga wa kwao.

Adui weka mmoja tu, msaka skrepa mwenzao anayeitaka gia ileile. Na asiwe wa kupigana, awe wa kupatana bei.

Anko mambo. Tumebishana hadi usiku: ukifika ukingoni mwa mchemraba wa Acheron si unaanguka?
Mbishi wa Sakina, Arusha

Poa. Huanguki, kila upande wa mchemraba unakuvutia kwake, unavuka kona unajikuta umesimama upande wa pili kama kawaida. Ila mizigo kazeni kamba kabla ya kuvuka, maana pale kwenye kona "chini" inahama ghafla, na masta mwenye roho mbaya kama mimi hawezi kuiacha hiyo ipite.